Matembezi ya baiskeli Malindi, masika hadi kusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayeendesha baiskeli kwa kujifurahisha: asubuhi kabla ya kazi, jioni baada ya alasiri, au Jumamosi nusu siku. Yanahusu Malindi na vitongoji vyake, miezi ya Machi hadi Julai.

Masika kweli ni wakati wa baiskeli?

Ndiyo, ukizijua saa zake. Ulaya, Machi hadi Mei ndipo baridi inapotoka na baiskeli zinatolewa stoo. Kwetu miezi hiyo inaanza na joto kali kuliko yote, kaskazi (upepo wa kaskazini) ikiwa inakufa na hewa inasimama, kisha mvua inaingia, na Mei ndiyo inayoongoza kwa mvua. Lakini mvua yenyewe mara nyingi huja kwa vipindi: inamwagika kwa nguvu, inakatika, jua linatoka. Mwenye subira ya kukaa chini ya baraza la duka nusu saa anaendelea na safari yake. Faida ni kubwa: vumbi limelala, bara kote ni kijani, na mchanga wa njia za ndani, ambao Februari unameza gurudumu, umeshikana. Juni na Julai ndiyo miezi mizuri zaidi, kwa maoni yetu, maana joto limeshuka na kinachobaki kukusumbua ni upepo tu.

Niondoke saa ngapi?

Msimu huu jua la Malindi linachomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na nusu kasoro. Ondoka saa kumi na mbili kamili, taa zikiwaka, ili saa tatu uwe umerudi au uko kivulini. Jioni anza saa kumi. Jua linazama saa kumi na mbili na robo hadi na nusu, na magharibi yetu ni mafupi. Si muda mrefu gizani huoni shimo. Kwa hiyo hata kama miguu bado ina nguvu, saa kumi na moja na robo geuza.

Nianze kuelekea kaskazini au kusini?

Hili ndilo swali ambalo wageni wa baiskeli hawaliulizi, na ndilo linaloamua kama utarudi unacheka au unaburuta miguu. Barabara zetu nyingi zinafuata pwani, yaani kaskazini na kusini, na pepo zetu pia. Ukikosea, kilomita 15 za kurudi zinakuwa kazi ya kulima.

Kanuni: nenda upepo ukiwa usoni, rudi ukiwa mgongoni. Kuanzia Aprili kusi (upepo wa kusini) inapoingia, elekea Gede na Watamu kwanza. Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, elekea Sabaki na Mambrui kwanza. Sababu ya pili ni kwamba upepo hukazana kadiri jua linavyopanda. Saa kumi na mbili alfajiri kusi bado ni dhaifu, unaipasua bila shida. Saa nne imeshika nguvu, na hapo inakusukuma nyumbani. Aliyekwenda Mambrui mwezi wa Juni kwa raha huku akijisifu mwendo, hesabu yake anaipata pale darajani Sabaki akirudi.

Kama huna hakika upepo umegeuka au bado, tazama minazi na bendera za madau pale gatini kabla ya kutoka.

Njia zipi zinafaa kwa siku ya kawaida?

Fupi kabisa: kutoka gatini pita mji wa kale, fika Nguzo ya Vasco da Gama kwenye rasi, kisha fuata barabara ya pwani kuelekea Silversands na Casuarina mpaka lango la Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968. Ni kama kilomita 6 kwenda, tambarare, na vivuli vipo. Anayejifunza aanzie hapa. Nguzo yenyewe iko juu ya mawe ya matumbawe yenye ncha; acha baiskeli barabarani, utembee.

Kaskazini: daraja la Sabaki haliko mbali na mji, na Mambrui ni kama kilomita 15. Baada ya daraja kuna mwinuko mdogo, kisha tambarare. Mambrui kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za kauri za Kichina, na vibanda vya chai. Mji ni wa heshima zake: shuka kwenye baiskeli ukifika penye msikiti wakati watu wanatoka swala, na uvae nguo ya kukufunika magoti. Wenye nguvu huendelea mpaka Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, na wengine Ngomeni, kijiji ambacho mbele yake baharini liko jukwaa la Waitaliano la San Marco, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Ngomeni kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 60. Hiyo si ya asubuhi kabla ya kazi.

Kusini: Gede ni kama kilomita 16 na Watamu ni kama 6 zaidi kutoka njia panda. Magofu ya Gede yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Beba pesa za kiingilio ukitaka kuingia, na kufuli ya kufungia baiskeli. Tatizo la njia hii ni magari, na tutalirudia chini.

Bara: Ganda, Kakuyuni, Jilore. Hapa ndipo masika hasa yanapoonekana, mahindi mapya na minazi imeoshwa. Magari ni machache, bodaboda ni nyingi. Mvua ikinyesha usiku, usiende huko asubuhi yake: udongo unaganda kwenye tairi, unajaa kwenye madigadi, na gurudumu linagoma kuzunguka. Ngoja siku moja ya jua.

Marafa, kwenye makorongo ya Nyari, ni kama kilomita 40 kwenda tu. Inawezekana, lakini panga siku nzima au rudi kwa gari lenye keria.

Naweza kuendesha ufukweni?

Unaweza, maji yakiwa yametoka. Mchanga mgumu ni ule mkanda uliolowa kati ya mstari wa maji kujaa na mawimbi. Juu yake ni mchanga mkavu, hauendesheki.

Hesabu yake ni ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kutoka sana. Siku hizo hapa kwetu maji huwa yametoka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo kuanzia saa mbili mpaka saa sita hivi una uwanja mpana. Kila siku saa hiyo inasogea mbele kama dakika 50. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kujaa na kutoka ni ndogo na saa zimegeuka. Mkanda mgumu unakuwa mwembamba na asubuhi yote huenda maji yamejaa. Mvuvi yeyote atakuambia ya siku hiyo bila kutazama simu.

Mkanda mrefu ni wa ghuba, kutoka mjini kuelekea mdomo wa Sabaki. Usiufikie mdomo wenyewe ukiwa juu ya baiskeli. Tope pale ni laini, gurudumu linazama mpaka kitovu, na mto una mamba na viboko. Tope la Sabaki huletwa upande wa mji wakati wa kaskazi. Kusi ikishika linasukumwa kaskazini. Ndiyo maana Machi unaweza kukuta ufuo wa mji una utando wa kahawia unaoteleza, na Julai pale pale ni mchanga mtupu.

Punguza upepo wa tairi kabla ya kuingia, beba pampu ya kuujaza tena ukitoka, na soma jibu la chumvi hapa chini. Msimu wa kasa kutaga, usipite usiku wala juu ya alama za mashimo yao.

Na msitu wa Arabuko-Sokoke?

Pitia kituo cha msitu cha Gede, lipa, na uombe muelekezaji. Msitu una ndovu. Ukiona kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa sasa hivi, simama, sikiliza, rudi ulikotoka. Usijaribu kupita kwa mbio, maana kwenye mchanga ndovu ana mwendo kukushinda. Asubuhi na mapema, ukienda kimya, huenda ukamwona sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, akiparura majani makavu kando ya njia.

Baiskeli ya aina gani?

Uliyo nayo. Blackmamba, ile baiskeli nzito nyeusi ya gia moja, inafika Mambrui kama yoyote. Ukinunua, tafuta ya tairi za inchi 26 au 27.5, upana wa inchi 1.9 hadi 2.2, gia chache na breki za rimu ambazo fundi wa mtaani anazijua. Baiskeli ya mashindano yenye tairi nyembamba itakufaa lamini tu, na lami yetu ina mchanga pembeni. Ya gia nyingi zenye waya nyingi, hapa ni chakula cha kutu.

Urefu wa kiti: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wengi Malindi wanakaa chini mno kisha wanalalamika magoti.

Tairi nijaze kiasi gani?

Kwa paundi zinazosomwa kwenye kipimo cha pampu, na kwa mtu wa kilo 70 hivi: tairi pana ya inchi 2, lamini 40 hadi 45, njia ya udongo 30, mchanga wa ufukweni 20 hadi 25. Blackmamba ya inchi 28, 45 hadi 50. Tairi nyembamba ya milimita 28, 75 hadi 80. Mzito aongeze, mwepesi apunguze. Usizidi namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi.

Ukijaza kwenye kituo cha mafuta, gusa na uachie, gusa na uachie. Mashine ile ni ya magari. Tyubu ya baiskeli inajaa kwa sekunde chache na kupasuka.

Kila asubuhi nakuta tairi imeshuka lakini pancha haionekani. Kwa nini?

Tazama vali kabla ya kuvua tairi. Blackmamba nyingi zina vali ya zamani yenye kijimpira chembamba kilichovikwa ndani. Joto na chumvi vinakikausha, kinapasuka, upepo unavuja usiku kucha. Tia mate kwenye ncha ya vali. Yakitoa povu, ndicho. Kijimpira kipya ni bei ya peremende na fundi yeyote anacho. Chukua viwili.

Kama vali ni nzima, zamisha tyubu kwenye karai la maji kipande kwa kipande huku ukiivuta kidogo. Tundu la mwiba wa mbigili ni dogo, linatoa vipovu kimoja kimoja.

Naziba pancha mwenyewe lakini kiraka kinabanduka. Nakosea wapi?

Mara nyingi ni solusheni kupakwa na kiraka kubandikwa papo hapo. Fuata hivi:

1. Kausha tyubu kabisa. Jasho la vidole na maji ya chumvi vinatosha kuharibu kazi.
2. Kwaruza kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, mpaka mng'ao wa mpira uondoke. Kama kuna mstari ulioinuka wa tyubu, usawazishe. Upepo hupitia hapo.
3. Paka solusheni kidogo, utando mwembamba, na uuache. Siku kavu dakika 5. Masika, hewa ikiwa na unyevu, ngoja 8 hadi 10. Gusa ukingoni kwa kidole: kikinata bila kulowa, tayari.
4. Bandika, kandamiza kuanzia katikati kwenda kando kwa mgongo wa kijiko, dakika moja nzima.
5. Kabla ya kurudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitambaa kitanasa penye mwiba. Vidole vitanaswa pia, ndiyo maana tunasema kitambaa.

Hatua ya tano ndiyo watu wanaiacha, na ndiyo inayoleta pancha ya pili baada ya nusu kilomita. Njia za bara zina mbigili na miiba ya migunga. Ya pili ni mirefu na inavunjikia ndani, huioni kwa nje.

Mfukoni: tyubu moja ya akiba, vijiko viwili vya kutolea tairi, viraka, solusheni isiyokauka (ikifunguliwa mara moja haikai mwaka), pampu, na spana ya 15 kama magurudumu yako yamefungwa kwa nati.

Chumvi inakula cheni yangu. Nifanyeje?

Siku hiyo hiyo uliyotoka ufukweni, osha kwa maji baridi ya bomba au kisima kisicho cha chumvi. Mwaga, usipige kwa mpira wa nguvu kwenye vitovu na kwenye ekseli ya pedali. Maji yakiingia yanasukuma grisi nje na gololi zinaanza kusaga mchanga. Pangusa, anika kivulini nusu saa, kisha tia mafuta tone moja kwenye kila pingili ya cheni, zungusha pedali nyuma mara 20, na upanguse yaliyobaki nje. Mafuta yanafanya kazi ndani ya pingili. Yaliyo nje yanakusanya mchanga tu.

Mafuta machafu ya injini, ambayo mafundi wengi wanayapaka kwa brashi, yanafanya cheni iwe nyeusi na iwe msasa. Mafuta ya cherehani ni mepesi, yanaoshwa na mvua ya kwanza, lakini ni afadhali mara mia.

Kupima cheni: weka rula ya inchi kwenye pini moja. Pini ya pingili ya 24 iwe kwenye inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikizidi kwa moja ya nane, umechelewa. Friwili (meno ya gurudumu la nyuma) nayo imekwisha, na cheni mpya juu ya friwili ya zamani itaruka meno utakapokanyaga kwa nguvu.

Breki zinagoma mvua ikinyesha.

Rimu za chuma zikilowa hazishiki. Si kosa la fundi. Kamata breki kidogo kidogo mita 20 au 30 kabla ya mahali pa kusimama ili mpira ufute maji, kisha ukaze. Rimu za aluminiamu hushika vizuri zaidi zikilowa, na kama utabadilisha kitu kimoja tu kwenye blackmamba yako, badilisha hicho.

Tope la bara linasaga mipira ya breki. Kila wiki ya mvua ivue uitazame: ukiona vichembe vya chuma au mawe vimepachikwa, vitoe kwa msumari. Mkono wa breki ukikazwa ubakize nafasi ya vidole viwili mpaka usukani. Waya ulioanza kufumuka hata uzi mmoja, tupa.

Dera au buibui linaingia kwenye cheni.

Cheni iko kulia, kwa hiyo kusanya kitambaa cha ziada kushoto na ukifunge fundo juu ya goti, suruali ikiwa ndani. Baiskeli ya kike yenye kifuniko kizima cha cheni ndiyo bora. Iwe pia na wavu juu ya gurudumu la nyuma, maana ncha za mtandio zinanasa kwenye spoki, na hilo ni hatari zaidi kuliko cheni kwa kuwa linavuta shingo. Mtandio uchomekwe ndani. Wenye kanzu na kikoi, maneno ni hayo hayo.

Maji na chakula?

Nusu lita hadi robo tatu kwa saa, na unywe kabla ya kiu. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni kidogo. Lifuatishe na kachiri za muhogo au viazi karai. Kwa safari inayozidi saa mbili, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote sawa na ukingo, ukamulie ndimu. Mahamri mawili na mbaazi kabla ya kuondoka yanatosha mpaka Mambrui. Mtu akiacha kutoa jasho, akichanganya maneno, au akihisi baridi juani, safari imekwisha: kivuli, mmwagie maji mwilini, mpepee, na atafutiwe gari la hospitali.

Ramadhani?

Toka saa moja kabla ya magharibi, mwendo wa taratibu, umalizie nyumbani kwenye futari. Wasiofunga wasinywe maji hadharani mitaani.

Barabara kuu ya Mombasa inaogopesha. Nipiteje?

Inaogopesha kwa haki. Panga mstari mmoja, kushoto, lakini si kwenye ukingo wenyewe: kati ya lami na mchanga mara nyingi kuna ngazi, na gurudumu likishuka halipandi kwa ulalo, linakuangusha ndani ya barabara. Kaa kama nusu mita ndani. Matatu ikikupita na kuwasha taa ya kushoto, inasimama mbele yako sasa hivi; usiipite kushoto, abiria wanashukia huko. Wa mbele apige kelele "Shimo!", wa mwisho "Gari!". Nguo nyeupe au ya njano, taa nyekundu nyuma hata asubuhi ikiwa mvua inanyesha.

Mitaani na kwenye vichochoro tumia kengele mapema, na sauti. "Simile!" ya wenye mikokoteni bado inaeleweka kuliko kengele. Wazee wasalimie ukipunguza mwendo. Salamu inayotupwa kwa mbio si salamu.

Tunapeana habari za matembezi yetu kila wiki. Niandike nini ili imfae mwenzangu?

Kilomita na picha ya machweo hazimsaidii mtu. Andika: saa ya kuondoka na kurudi, upepo ulitoka wapi, njia ilikuwa kavu au tope na wapi hasa, maji ya kunywa yalipatikana wapi, na kilichoharibika. Mfano mzuri: "Ganda hadi Kakuyuni, saa 12 hadi saa 2 na nusu. Mvua ya juzi imekauka isipokuwa bonde la kwanza baada ya shule, pitia kulia. Miiba mingi karibu na shamba la mikorosho, pancha moja. Dafu lipo sokoni." Mwenzako anaweza kutoka kesho kwa maneno hayo.

Programu ya simu inayochora njia, izime mita 300 kabla ya nyumbani, au kila mtu atajua baiskeli yako inalala wapi. Picha za watoto wa vijijini usizisambaze bila ruhusa ya wazazi wao.

Naweza kupeleka baiskeli Lamu?

Kwa basi mpaka Mokowe, kisha mashua. Vua pedali na ugeuze usukani, na mkubaliane nauli ya baiskeli na kondakta kabla haijapandishwa. Mji wenyewe una vichochoro vya kupishana punda wawili kwa shida, kwa hiyo humo utaisukuma. Kuelekea Shela, ufuo unapitika maji yakitoka, kwa hesabu ile ile ya bamvua, na kuiosha jioni ni lazima.